Nyota ya Wifi

Kijicho hakina dawa, na mama huyu alikuwa nacho kikali.

Kazi yake ilikuwa kuchunga nyota, lakini si kwa macho. Mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota humezwa na hewa kabla haijatufikia, kwa hiyo darubini ya ofisi yao ilipandishwa angani pamoja na setilaiti, nayo huteremsha mionzi ya kila nyota kama mstari kwenye kompyuta. Nyota ikitulia, mstari hulala. Ikilipuka, mstari hupanda ghafla, kisha hushuka, na kilichopita kimepita. Kila mchungaji ana nyota yake, na utaratibu wa ofisi ni huu: mlipuko ukionekana, aliyepo anatuma taarifa upesi ili darubini nyingine duniani zigeukie huko. Taarifa hutoka kwa jina la mwenye nyota, hata kama ametuma mwingine.

Nyota yake yeye wenzake waliipa jina la Bubu. Miaka nenda miaka rudi, kimya. Meza ya pili alikaa wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye mama huyu mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Wifi akapewa kanyota kekundu, kadogo, kenye hasira, na tangu hapo milipuko haimwishi. Mkuu wa ofisi akiingia, salamu zote kwa wifi. Nyumbani nako mama yake mzazi hana wimbo mwingine: "Mkwe wangu ana akili, jamani!" Mkwe! Na huyu aliyemzaa je?

Mchana mmoja wifi alipigiwa simu kwamba mtoto ana homa shuleni.

"Wifi, niangalizie, eh? Namchukua mtoto mara moja."

"Nenda tu, usijali."

Hata getini hajafika, mstari wa kanyota kake ukaruka, ukapanda mpaka ukapita juu ya skrini. Mlipuko wa namna ile mama huyu alikuwa akiuomba maisha yake yote. Akafungua taarifa. Jina la wifi lilikuwa limeshajiandika pale juu. Amekuja juzi tu, na kila kitu chake yeye!

Akainuka, akaenda kuchemsha chai. Akaendelea kuikoroga sukari hata baada ya kuyeyuka. Aliporudi kilele kilikuwa kimepita na mstari unashuka. Hapo ndipo akatuma.

Darubini za watu zikageuka, zikaambulia mkia. Wifi alirudi akihema, mtoto mgongoni, akatazama skrini, kisha akamkumbatia mama yule kwa nguvu.

"Ahsante, wifi yangu! Angekuwa mwingine angeninyamazia."

"Nimechelewa kidogo."

"Nani angeuwahi ule?" Wifi akamgeukia mkuu wa ofisi, aliyekuwa ameingia. "Mkuu, weka jina lake mbele, langu lifuate."

Mkuu akaandika vivyo hivyo, na ofisi nzima ikapiga makofi. Mama yule akalitazama jina lake, lile alilolitamani miaka yote, na wivu ukamchoma kuliko mwanzo: kumbe hata roho nzuri alipewa wifi.