Blanketi la Mchezaji Anayekuja

Leo nimekwenda kijijini Pito kumwambia mama wa watu kwamba binti yake tumembadilisha na mchezaji wa timu ya Mpanda.

Timu yangu ya kikapu ya wanawake mnaijua. Msimu mzima tunafungwa tu.
Warefu tunao, wa kutupia kutoka mbali hatuna. Mpanda wao ni kinyume.
Basi Kristina anaenda, Rehema anakuja. Hosteli hatuna, kwa hiyo kila mmoja atalala kwenye kitanda cha mwenzake.

Kristina mwenyewe alishakubali. Kazi ilikuwa mama.

Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikaeleza yote.
Akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Nikajua nimeharibu. Nikaanza kuaga.
"Kaa, kocha," Kristina akaniambia kutoka mlangoni.

Mama akatoka na blanketi zito, akalianika kwenye kamba.
Nikajipendekeza: "Mama, Mpanda kuna joto, hatalihitaji."
Akanitazama kama mtu asiye na akili.
"Najua. Hili ni la huyo anayekuja. Baridi yetu ataiweza?"

Jamani.

Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda.
"Mwambie mama yake Rehema, wangu akiwa na njaa hasemi. Ananyamaza tu. Amwangalie."

Nimefika mjini nikampigia huyo mama wa Mpanda, nikampa ujumbe kama ulivyo.
Naye akasema, "Na wangu halali taa ikizimwa. Mwambie mwenzangu."