Kengele ya Watawa Huku Kathiani

Mwaka nilioandikwa kazi misheni, Kathiani nzima tulikuwa tunakula mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyonuka gunia hata uyachemshe na nini. Nilikuwa mjane, shule niliachia darasa la tatu, lakini mikono nilikuwa nayo. Siku ya kwanza Padri Mkuu, Mfaransa mwenye ndevu za mbuzi, alinipa kamba ya kengele.

"Vuta, Mama Mutua."

Nikavuta kama mtu anateka maji kisimani. Mbwa wakabweka.

"Si ng'ombe huyo! Vuta, uachilie, ulimi urudi wenyewe." Ulimi ni kile chuma cha ndani kinachogonga.

Kengele ilitoka kijijini kwao Padri, huko Ufaransa, kwenye nyumba ndogo ya watawa wa zamani sana, waliolima ngano na kusali. Watawa waliisha, paa likaanguka, wanakijiji wakampa kengele aje nayo. Ilining'inia kwenye boriti kando ya kanisa. Niliipaka grisi, nikaipiga misa na harusi. Kwenye maziko, jeneza likitoka mlangoni, napiga mara moja tu, kisha naikumbatia inyamaze. Hiyo tunaiita ya mwisho. Hata Padri Mkuu mwenyewe nilimpigia.

Simu za mkono zilipofika vilimani, akaja mama mmoja wa kijiji kile. Wanaijenga upya nyumba ya watawa, wanaomba kengele irudi. Padri Mkuu mpya, kijana wa Yatta, akakubali. Siku ya kuishusha waumini wakajaa uani, wengine wanalia.

"Mwaitu, tupigie ya mwisho," Padri akaniambia, akiniita mama kwa Kikamba.

"Sipigi ya mwisho."

"Mwaitu, mgeni anangoja."

"Angoje! Ya mwisho ni ya maiti. Hii imekufa lini?"

Watu wakacheka. Mgeni akauliza nimesema nini, Padri akamtafsiria, sauti chini. Yule mama akakaa kwenye ngazi za kanisa, akaitazama kengele, akanitazama mimi.

"Basi ibaki," akasema. "Nipigie ya kila siku."

Nikapiga ya adhuhuri, akainasa kwa kinasa sauti, akaenda na mlio. Nasikia unalia kule ndani ya kuta za watawa mpaka leo. Nani mwingine hapa kwetu amefanya kazi Ufaransa bila pasipoti?

Nimestaafu kwa sababu mabega yamekataa, si roho. Siku ya kuniaga wajukuu walinifunga leso mpya, wakanisukuma mpaka kwenye boriti.

"Susu, piga ya mwisho!"

Nikawaambia, "Sipigi ya mwisho."