Kuku wa Kunyambua

Siku wakwe zangu walipokuja kumchukua binti yangu, niliwapikia kuku wa Kichina. Nikisimulia hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza.

Tulikaa Kwai, huku juu milimani Lushoto, mume wangu akikamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, wakati wa ile amri ya kulima kwa matuta, watu wakichimba mlima mpaka migongo inakataa kunyooka. Mtoto tulikuwa naye mmoja tu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, mwenye maneno mengi kuliko umri wake.

Wazazi wa mume wangu walikaa Mnazi, kule chini nyikani, kwenye joto na mbu. Kwa desturi ya ukoo wao, bibi lazima awe na mjukuu wa kumlea nyumbani kwake. Walikuwa wameshampata mmoja, mtoto wa shemeji yangu. Alishuka akiwa mzima, anarukaruka njia nzima. Akapandishwa mlima kwa machela, amefunikwa blanketi mpaka usoni. Watoto wa huku juu hawajaizoea homa ya nyikani, ikiwashika hawana pa kushikilia. Msiba ulipokwisha, nilianza kusikia kwamba sasa zamu ni ya wangu.

Mume wangu aliniletea habari akiwa amenipa mgongo, ananawa miguu.

"Baba na mama wanakuja Ijumaa."

"Kufanya nini?"

"Kutusalimia."

Wazee wale hawakuwa watu wa kupanda mlima kwa miguu, walale njiani kwa ndugu, kwa ajili ya salamu. Nilimkazia macho mpaka akageuka.

"Wapokee vizuri tu," alisema. "Wakiridhika, nitazungumza na baba."

Nikajua kwamba hatazungumza. Mtoto wangu alikuwa ameachiwa sufuria yangu imtetee.

Na sufuria yenyewe ilikuwa na nini? Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kikafagia banda lote, akabaki tetea mmoja, mzee, mgumu kama mimi. Kuku mmoja kwa watu watano! Nikimpika mchuzi wa kawaida, kila mtu ataona umaskini wetu kabla hajaonja. Ndipo nikakumbuka kile chakula cha memsabu, yule mama wa Kizungu. Kabla sijaolewa nilifanya kazi jikoni kwake, Lushoto mjini. Alikuwa ameishi Uchina na mumewe kabla ya vita, akanifundisha kumnyambua kuku mmoja vipande vyembamba na kumchanganya na mboga mbichi mpaka anajaza sinia. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia chupa ya sosi nyeusi ya Kichina, imebaki robo. Nilikuwa nimeificha nyuma ya debe la unga nikingoja siku kubwa. Siku kubwa yenyewe ndiyo hiyo.

Ijumaa ukungu haukunyanyuka. Nilimchemsha yule tetea tangu alfajiri na tangawizi na chumvi, kuni mbichi zikinitoa machozi, na kila mbwa alipobweka nilidhani wamefika. Alipolainika nilimwacha apoe, nikamnyambua kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, mifupa nikairudisha kwenye supu. Firigisi na maini nikavikatakata vidogo kabisa, nikavichanganya na nyama niliyoinyambua. Memsabu alikuwa akiwapa mbwa. Mimi sikuweza kuona kitu kizuri namna ile kinapotea. Kisha kabichi, nyembamba kadiri kisu changu kilivyoweza, karoti, vitunguu majani. Ufuta nikaukaanga mkavu mpaka ukaanza kurukaruka. Siki, sukari, mafuta kidogo, na ile sosi nyeusi mpaka tone la mwisho.

Jirani yangu alikuja kuomba moto, akachungulia.

"Mwenzangu, wakwe zako utawalisha majani mabichi? Unachunga mbuzi?"

"Chukua moto wako uende," nilimwambia.

Alichukua, lakini mlangoni akasimama. "Mbona mtoto wako hachezi leo?"

Kweli hakuwa anacheza. Alikuwa amekaa kwenye kona ya jiko, kimya, ameshika magoti yake. Sikuwa nimemwambia lolote. Watoto husikia vitu kwenye kuta.

Walifika adhuhuri imepita. Nilipiga magoti, "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama." "Marahaba." Mama mkwe alikuwa amebeba kikapu, na nilipompokea mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, kwa wepesi. Hakikuwa na kitu. Mtu wa Mnazi hapandi mlimani bila mchele, bila hata nazi moja. Kikapu kitupu ni cha kuondoka na kitu, na mimi nilijua ni nguo za nani zitaingia humo. Nikakiweka juu, mbali, kwenye dari la kuni.

Chakula kile hakingoji. Ukikichanganya mapema kabichi inalegea. Niliwachanganyia palepale, nikagawa na ugali na supu, nikapeleka sinia la wanaume mbele, sisi wanawake na mtoto tukabaki jikoni. Mama mkwe alichukua kidogo kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika jongoo. Akatafuna. Akachukua tena. Halafu akajivutia bakuli.

"Hiki nini?" aliuliza mdomo umejaa.

"Kuku, mama."

"Hebu niongezee."

Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu ile habari ya Ijumaa. Binti yangu akamcheka bibi yake kwa sababu ya ufuta uliomganda kidevuni, na bibi naye akacheka. Mwanamke yule hakuwa mbaya. Alikuwa amefiwa na mjukuu, nyumba yake imekuwa kimya, na alitaka mtoto wa kukivunja kile kimya. Nilimhurumia, lakini si kwa kumtoa mtoto wangu.

Ndipo tukasikia kwamba huko mbele hakuna anayetafuna.

"Kuku huyu," alisema baba mkwe, taratibu, "alikuwa na miguu?"

"Alikuwa nayo, baba," alijibu mume wangu.

"Naitafuta siioni. Firigisi yangu iko wapi?"

"Imo humo ndani, baba. Imekatwakatwa."

"Humo wapi? Na jikoni wamepelekewa chakula hikihiki?"

Mama mkwe aliacha kutafuna, shavu limevimba, akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshikwa. Kwao firigisi ni ya mwenye ukoo. Hata mwanawe mkubwa haigusi, sembuse wanawake. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kama jina langu, nimeipakua mwenyewe miaka yote, nzima, juu ya ugali wake. Siku hiyo mkono wangu ulipika kama jikoni kwa memsabu.

"Nyumba isiyojua kugawa kuku," alisema baba mkwe, "haiwezi kufunza mtoto. Mwambie mkeo amfungie nguo zake. Tunashuka naye leo."

Desturi ilinikataza kumsemesha mkwe ana kwa ana. Nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwambie baba kosa langu ni la kuku tu," nilimwambia mume wangu. "Nitalipa kwa mbuzi. Mtoto haendi nyikani."

"Baba, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie sikuomba mbuzi."

"Anasema hakuomba..."

"Na wewe je, unasema nini?" nilimwuliza.

Alisema, kwa sauti ndogo, "Mpe tu, mama yake. Ni mpaka mvua zipite."

Homa ya mvua hizo ndiyo iliyomuua yule wa kwanza. Nilitoka nyuma ya mlango, nikasimama mbele ya baba mkwe, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe.

"Baba, sitampa. Mmeshamzika mmoja."

Mzee hakupandisha sauti. Alisimama bila kunawa, akashika fimbo yake, akamgeukia mwanawe.

"Mimi nashuka. Wewe ni mtoto wa nani?"

Mume wangu akachukua koti lake.

"Nitarudi tuzungumze," aliniambia.

"Zungumza sasa."

Akatoka nyuma ya baba yake. Mama mkwe alikuwa wa mwisho kutoka. Alimshika binti yangu kichwa kwa mikono miwili, akamwachia, akawafuata. Hawakufika hata kwenye uzio kabla ukungu haujawafunika. Nilimpenda yule mwanamume. Nilisubiri nisikie nyayo zikirudi, nikasikia ng'ombe tu wakilia, saa yao ya kukamuliwa imefika na mkamuaji hayupo.

Nilifunga mlango, nikampakata binti yangu ingawa alikuwa ameshakua.

"Baba ameondoka kwa sababu yangu?" aliuliza.

"Kula," nilimwambia.

"Ungenitoa mimi, mama. Baba angebaki."