Picha Zisizo na Watu

Wajukuu zangu wananipiga picha kwa simu nikiwa nakula, nikiwa nasinzia, hata nikiwa nakohoa. Nawafukuza na mwiko. Wanacheka, wanadhani bibi anaona haya. Haya ya nini? Mimi nimezaa, nimelea, mjukuu wangu mmoja ni daktari na mwingine yuko kituo cha utafiti cha Naliendele anahangaika na magonjwa ya mikorosho. Simwonei haya mtu. Naogopa. Mtu akinikazia macho ili achukue sura yangu, nageuza uso mpaka leo. Herufi nilizipata ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Mume wangu alifanya kazi bandarini Mtwara. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa brashi juu ya makasha: alama, namba, mji unaokwenda mzigo. Alinizidi sana umri, nilimkuta na mvi zake. Alipostaafu tukarudi kwao, pande za Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Ilikuwa ile miaka ya kutolewa mashambani na kukaa pamoja kijijini, ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Tukapewa yetu.

Wengine wakistaafu wanafuga kuku. Yeye alirudi na kibati. Ukikifungua, ndani kuna vipande vya rangi kama mabaki ya sabuni. Unalowesha brashi kwa maji, unapaka karatasi.

"Bwana," nikamwuliza, "miaka yote ya bandari ndiyo imezaa kibati?"

"Mama, nimeandika majina ya miji nisiyowahi kufika mpaka mgongo ukapinda. Niache niandike hapa nilipo."

Nikamwacha. Aliyekataa ni wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke wa swala tano aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa kuliko polisi. Alimkuta kakaa uani na karatasi, anamtazama jirani akitwanga, akaanza kuchora mkono wa yule jirani. Wifi akamsimamia kichwani.

"Siku ya Kiyama utaambiwa ukitie roho hicho ulichokichora. Utaweza?"

"Siwezi, dada."

"Basi futa."

Akafuta. Tangu siku hiyo akachora kila kitu isipokuwa mwenye roho. Alichora kinu na mchi umesimama ndani yake, hakuna anayetwanga. Alichora kisima na ndoo ukingoni, hakuna anayeteka. Mkeka wa muhogo uliokaushwa, kanga kwenye kamba, njia ya kwenda msituni, safu ya nyumba zetu milango wazi. Kazi safi, maji ya kisimani unayaona ni baridi. Lakini mimi nilipoziangalia zile picha nywele zilinisimama. Kilikuwa kijiji chetu, sisi wenyewe hatumo. Kama watu wamekimbia sasa hivi wakaacha vitu vinawasubiri.

Na kukimbia tulikuwa tunakujua. Ng'ambo ya mto alikuwepo Mreno, na wenzetu wa kule walikuwa wanapigana naye wapate nchi yao. Sisi tuliwapokea wakimbizi, kwa hiyo Mreno alituchukia na sisi. Ndege zake zilikuja mpaka kwetu. Kila safu ya nyumba ilichimba handaki lake, na tuliingia humo na watoto na kuku, mdomo umejaa mchanga, unasikia ule mlio unapita juu, unajisemea leo ni mimi. Ukitoka, unahesabu watoto wako kwa kuwashika vichwa.

Halafu wakaanza kutega mabomu ardhini. Mama mmoja wa safu yetu alikwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha. Tulisikia mlio mmoja tu. Wanaume wakamrudisha kwenye machela ya miti na mguu mmoja. Njia aliyopita ndiyo njia ambayo mume wangu aliichora siku chache kabla, amekaa kwenye kigogo, watu wote wanamwona.

Neno likaanza kisimani. Mimi nikifika, wanawake wananyamaza. Nikamshika mmoja kanga.

"Semeni mbele yangu."

"Sisi hatusemi kitu, dada. Watu tu. Wanasema mzee wako anachora ramani."

Ramani! Neno hilo lilinishuka kama maji ya barafu. Picha ni mchezo, ramani ni ya vita. Nilirudi nyumbani nimesahau ndoo.

"Zichome," nikamwambia mume wangu.

"Nichome kinu? Kinu kina kosa gani?"

"Zichome, bwana, nakuomba."

Hakuzichoma. Kesho yake asubuhi mgambo wakaja watatu, vijana wa hapa hapa, bunduki begani. Wakamwambia shikamoo kwanza. Akawaitikia marahaba. Kisha wakamchukua, na picha zote, na kibati. Nikawafuata nyuma peku.

Ofisi ya kijiji ilikuwa banda la makuti, meza moja. Kamanda wa mgambo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwenye sauti ya chini. Upole wake ndio ulionitisha. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Alizitandaza picha mezani moja moja.

"Ndugu mzee, hii ni nini?"

"Kisima chetu."

"Na hii?"

"Njia ya msituni."

"Ile iliyomkata mguu yule mama."

Kamanda akaisukuma kando picha ile.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimestaafu."

Mgambo mmoja akacheka. "Kustaafu ndiyo kuhesabu milango ya watu?"

"Nachora maisha ya hapa," mume wangu akasema.

Kamanda akapapasa zile karatasi kwa kidole. "Maisha ya nani? Mimi hapa naona njia, maji, nyumba. Ndivyo anavyovitaka Mreno. Watu wako wapi, mzee?"

"Dini hainiruhusu kuchora mtu."

"Au hujui. Mtu aliyefundishwa ramani anajua ramani tu." Akazikusanya. "Gari linakuja mchana. Utakwenda Mtwara ukawaeleze wakubwa."

Lile gari tulilijua. Kuna mtu alipandishwa humo kabla ya masika, na mkewe mpaka wakati ule alikuwa anamtengea maji ya kuoga kila jioni, anayamwaga asubuhi. Nilijiona mimi na ndoo yangu. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la ofisi.

Ndipo wifi alipoingia. Sijui nani alimwambia.

"Shikamoo, mama," kamanda akasema.

"Sitaki shikamoo yako. Huyu mimi ndiye niliyemkataza kuchora watu. Kama ni kosa, ni langu."

"Mama, hayo ni maneno. Mdomo wa ndugu haukosi neno."

Wifi akamgeukia mdogo wake. Nilimwona kidevu chake kinacheza. Yule mwanamke alikuwa anaogopa, nami sikujua kama anajua kuogopa.

"Mchore mkeo," akasema.

"Dada..."

"Mchore! Dhambi yake itakuwa juu yangu. Nitajibu mimi siku hiyo."

Kamanda akafikiri. Kisha akasukuma kibati mpaka kwa mume wangu, akaagiza kikombe cha maji. Wakanikalisha kigodani karibu na mlango penye mwanga. Nje watu walikuwa wamejaa.

Nitasema ukweli. Sikuwaza Kiyama. Niliwaza kwamba sijamwona huyu mtu akichora uso hata siku moja. Bandarini alichora herufi, nyumbani akachora vinu na ndoo. Je, kama hawezi? Kama atachora kiazi chenye macho, si ndiyo ushahidi wenyewe? Na tone lake la kwanza likaangukia meza.

"Usifumbe macho," akaniambia.

"Sifumbi."

"Unafumba, mama. Niangalie."

Nikamwangalia. Naye akaniangalia, na hapo ndipo hofu nyingine ikaniingia, ambayo sikuitegemea. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka, lakini hakuwahi kuniangalia vile. Alinipita kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kisu: kipaji, pua, shavu, anarudi, anatafuta tena. Nilihisi anaona kila kitu. Anaona jinsi nilivyomkasirikia asubuhi. Anaona kwamba nilikuwa nimeshaanza kumlilia. Jasho lilinitiririka mgongoni na sikuthubutu kujikuna. Nje ndege mmoja wa porini alilia na umati wote ukainua vichwa kutazama mbinguni, kwa mazoea tu.

Alipomaliza, kamanda aliichukua karatasi kabla haijakauka. Hakunionyesha. Alitoka nayo mpaka kwa wale wanawake nje, akaiinua juu, asiseme mimi ni nani.

"Nani huyu?"

Kisha sauti ya bibi mmoja kizee:

"He! Si yule mliyemkalisha humo ndani? Tazameni chale yake ya shavuni ilivyopinda."

Chale zangu nilichanjwa utotoni kama wasichana wetu wote wa Kimakonde wakati ule. Ya kushoto ilipinda kwa sababu nilirusha kichwa kisu kiliponigusa.

"Na mdomo wa ubishi ni ule ule!" mwingine akadakia. "Hata kwenye karatasi anataka kujibu!"

Wakacheka. Wanawake wale wale wa kisimani. Nilitaka kuwapiga na kuwabusu.

Kamanda akarudi ndani, akasimama muda anaiangalia picha, ananiangalia mimi. Akaiweka mezani.

"Mzee, nenda nyumbani. Hizi za njia na visima zinabaki. Kibati kinabaki. Usishike brashi mpaka vita viishe. Nikisikia umeshika, sitauliza tena."

"Nimesikia, ndugu kamanda."

Wifi alikuwa ameshainyakua ile picha yangu, akaikunja ikiwa mbichi, akaisukuma ndani ya kanga. Tukaenda nyumbani watatu. Lile gari tulipishana nalo njiani. Mume wangu akanishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hakuwa anakifanya, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti.

Tulipofika uani, wifi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwangu, penye mafiga, akapuliza moto ukashika, akaitoa ile karatasi.

"Wifi, ngoja niione," nikasema. "Sijaiona hata mara moja."

"Kazi yake imekwisha," akasema, akaitia motoni.

Niliiona kidogo. Ilijikunjua kwa joto, nikaona jicho, nikaona shavu na ile chale, kisha pakawa peusi. Nikaruka nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Wifi alikuwa analia bila sauti, anakoroga majivu kwa kijiti mpaka hakukubaki kipande. Akaenda kutawadha.

Nikatenga maji ya ugali. Mume wangu alikaa upande wa pili wa mafiga, mikono mitupu magotini, bado ana bluu kwenye kucha. Nilipoinua kichwa alikuwa ananiangalia. Vile vile. Kipaji, pua, shavu.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia.

"Sichori, mama. Nimekatazwa."

"Najua huchori. Usiniangalie."

Akainamisha kichwa. Nikamwaga unga majini nikasonga, na mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Nilipotupa jicho tena, alikuwa hai, kakaa pale pale, na macho yake yamesharudi usoni kwangu.