Dadi na Jangwa la Mezani

Usimwone Dadi anatembea na kanzu yake nyeupe ya hotelini ukadhani kuipata kulikuwa lelemama. Thubutu!

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akiosha masufuria katika hoteli ndogo ya Bi Khairiya, pale Bagamoyo. Bibi akamjaribu kuhudumia mezani, akamwazima kanzu ya kuivua kila jioni. Yote aliyaweza, ila neno moja. Wageni wakimaliza samaki, Dadi huinama kwa adabu zake zote na kuwauliza kwa Kiingereza kama wangependa DE-zat. Basi watacheka hao, mpaka machozi! Mzungu mmoja akamjibu kwamba mchanga wa pwani umemtosha.

"Dadi, unawapa wageni wangu jangwa!" Bi Khairiya akamwambia. "Kitamutamu ni di-ZAT. Silabi mbili tu, kaza ya mwisho. Kesho ukikosea, urudi kwenye masufuria."

Masikini, alifika nyumbani roho juu. Mkewe, Sihaba, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Waingereza hawa wana wazimu," Dadi akalalama. "Ukikaza huku, jangwa. Ukikaza kule, utamu. Lugha gani hiyo?"

"Kama yetu tu, bwana. Hapo nje umepita wapi?"

"Bara-BA-ra."

"Na kazi yako unaifanyaje?"

"Ba-RA-ba..." Dadi akaachama. "Ala! Kumbe!"

Wakacheka hao! Jioni ile Sihaba akikuna, Dadi anafuatisha: mkwaruzo mwepesi, mkwaruzo mzito, di-ZAT, di-ZAT. Nazi zote za nyumbani zikaisha, wali ukaelea kwenye tui.

Kesho yake wageni wakamaliza samaki. Bi Khairiya amesimama mlangoni, kakunja mikono. Dadi akavuta pumzi, akainama.

"Di-ZAT?"

Hakucheka mtu. Wote wakaitikia, wakaletewa kaimati. Mama mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akijifunza Kiswahili, akaonja, uso ukamchanua.

"Asante! Mmepika bara-BA-ra!"

Dadi akauma mdomo. Kisha akachukua kijiko, akamgongea mezani polepole: ba-RA-ba-ra. Mama akajaribu, akakosa, akajaribu tena, akaipata! Meza nzima ikapiga makofi, na Bi Khairiya akacheka mpaka akatafuta kiti.

Jioni Sihaba alimwona mumewe akija, kanzu ingali mwilini.

"Umepewa?"

"Ba-RA-ba-ra!"