Maombi ya Hema

Nalisimulia hili mwenyewe kwa sababu Furaha, mke wangu, akilisimulia yeye huanzia kwenye sehemu mbaya zaidi, na watu wa kanisani kwao Malvern, hapa Joburg, hunitazama kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni, na kusema kweli siwalaumu.

Ilikuwa 2017, tuna miezi mitatu ya ndoa, tukaamua kusafiri na hema: tutoke Joburg, tuzunguke nyika kavu ya Karoo, tuishie pwani ya Transkei kule lami inakokoma. Gari hatukuwa nalo. Baba mdogo wa Furaha, Mkongo wa Bukavu, ni mchungaji, na tangu mwanzo alikuwa hanitaki (alishasema mbele za watu kwamba mtu anayehoji hata chumvi ya mezani atamhoji na mke), kwa hiyo siku aliponiita akanipa funguo za kombi ya kanisa nilijua ile si kombi, ni mtihani.

"Mukwe," akasema, "hii gari ni ya Mungu. Minakupatia na jina langu. Irudi vile iko."

Jina lake lilikuwepo kweli, ubavuni, pamoja na msalaba, njiwa mkubwa kama bata, picha yake ameinua mkono, na namba yake ya simu.

Siku ya tatu, tumetoka Karoo na vumbi hadi kwenye nyusi, tukakuta polisi wanasimamisha magari na kushusha mizigo yote. Askari akautazama msalaba, akanitazama mimi. "Umfundisi?" Yaani, wewe ni mchungaji? Nikafikiria masufuria, jiko, magodoro, vitu tulivyovipanga saa nzima asubuhi ile, nikasema, "Yebo, baba." Akatupungia tupite.

"Wewe!" Furaha akasema.

Nikamwambia neno moja halijawahi kumuua mtu.

Kesho yake tukafika kijiji kimoja karibu na mto unapoingia baharini. Mzee mmoja akatuonya kwamba mchanga wa kule chini unameza magari, nami (unaiona tabia yangu) nikamuuliza ni magari mangapi hasa ameyaona yakimezwa, kisha nikashuka. Kombi ikazama hadi kwenye ekseli, na maji yalikuwa yanajaa.

Mwenye ng'ombe wa kuvuta alikuwa bibi mmoja ambaye kijiji kizima kinamwita Makhulu. Akaizunguka kombi, akamgusa njiwa, akazungumza kwa Kixhosa. Furaha ana Kizulu chake cha saluni, wakaelewana, kisha akanitafsiria kwa sauti ya mtu aliyemeza sindano.

"Anasema ng'ombe wanakuja. Anaomba umfundisi amwombee mwanawe Themba, alikwenda Joburg kutafuta kazi, mwaka wa sita huu hajarudi wala hajapiga simu. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli, kombi ya baba yako mdogo italiwa na samaki."

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Chuoni nilikuwa nabishana kwamba watu hawasikilizi maneno ya maombi, wanasikiliza sauti tu, na sasa watu kama thelathini wamekusanyika, hakuna hata mmoja ajuaye Kiswahili (nilidhani), na maneno ya kuomba sina. Nikafumba macho, nikainua mkono kama Pasta wa kwenye picha, nikatetemesha sauti. "Eee! Tandaza turubai mahali pakavu! Ingiza vyuma virefu, vile viwili! Pigilia vigingi, pigilia, kila pembe!"

"Amen!" wakaitikia.

Furaha, jasho linamtoka, alikuwa akitafsiri maombi mazuri ajabu kuhusu Themba, ya kichwani mwake mwenyewe. Nami nikanogewa. Nilikuwa nimefika kwenye zipu ya mlango niliposikia mtu anacheka.

Alikuwa Msomali mwenye spaza, kiduka cha pale kijijini, aliyekulia Nairobi. "Boss," akasema, "na ile kamba ya nyuma nani atafunga?"

Halafu akatazama nyuma yangu na kicheko kikakatika. Nikageuka. Makhulu alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga wa maji, ameshika picha ya pasipoti ya kijana kifuani, machozi yanamtiririka, bado anaitikia amen.

"Huyu mama analia, bro," Msomali akasema polepole. "Waambie wewe, ama niwaambie mimi."

Nikawaambia. Furaha akatafsiri kila neno, safari hii bila kunisaidia: mimi si mchungaji, yale yalikuwa maelezo ya kusimamisha hema. Yule mzee wa mchanga akatema mate pembeni. Mtu mmoja akaanza kuwafungua ng'ombe, waliokuwa wameshafungwa kwenye kombi. Makhulu akainuka, akapangusa magoti, akamzuia.

"Vuteni," akasema. "Gari halijanidanganya."

Kisha akanigeukia. "Joburg unatoka kweli, au hilo nalo ni uongo?"

"Natoka kweli."

Akanipa ile picha.

Kombi ikatoka. Furaha hakunisemesha siku mbili, na Karoo ni pana sana ukiwa na mtu asiyekusemesha. Nilichosahau ni namba ya simu pale ubavuni. Makhulu alikuwa ameinakili.

Tulipofika Malvern, Pasta alikuwa anatusubiri getini. Akaizunguka kombi mara mbili, hakuna mkwaruzo.

"Mukwe, ule mama amenipigia. Ameniambia yote."

Nikamnyooshea funguo nikiwa nimetazama viatu vyangu. Hakuzipokea.

"Picha iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaitazama. "Hosteli za wafanyakazi ni mingi hapa. Kila Jumamosi utachukua gari, utamutafuta."

Huu ni mwaka wa pili na Themba sijampata. Makhulu hupiga simu kila mwezi, nami humwambia ukweli, ambao huwa mfupi. Imani bado sina, na chumvi naihoji kama kawaida. Lakini mlango wa hosteli ukifunguliwa, mtu akamwona yule njiwa akaanza kuuliza, "Umfundi...", nasema hapana kabla hajamaliza, kisha natoa picha.