Ardhi Iliyokataa Kutulia

Ndugu yangu mdogo alizama ziwani, Asembo Bay, asubuhi moja yenye upepo mkali, mashua yao ilipopinduka. Wenzake wawili waliogelea wakaokoka. Nilitoka Kisumu, ambako nafundisha shule ya msingi, nikajiunga na wavuvi waliokuwa wakimtafuta. Tulizunguka ziwani siku tatu. Siku ya tatu, mchana, tulimpata kwenye magugu. Mimi ndiye niliyemshika mkono tukampandisha.

Niliposhuka ufuoni, mchanga uliyumba chini ya miguu yangu. Nikadhani ni uchovu. Lakini hata siku ya mazishi, nikiwa kando ya kaburi, ardhi ilikuwa bado inapanda na kushuka polepole. Nilishika bega la jirani nisije nikaanguka humo ndani. Watu walisema ni huzuni.

Wiki zikapita. Darasani nilifundisha nikiwa nimeegemea ukuta. Nikilala, godoro linaelea. La ajabu, nikipanda bodaboda yote yanatulia. Ikisimama tu, mawimbi yanarudi. Na nikifumba macho, nausikia uzito wa ule mkono.

Mama alikuja kukaa nami. Siku moja aliniona nikivuka ua huku nimetanua miguu kama mtu aliye ndani ya mashua. Akaacha kuchambua mboga.

"Baba, bado unamtafuta?"

"Hapana, Mama. Si tulimzika?"

"Basi mbona mwili wako haujui?"

Nilijua anaamini marehemu ndiye anayenivuta, na kuna siku nami niliamini.

Daktari wa masikio mjini alinipima, akanikalisha.

"Masikio yako ni mazima, Mwalimu. Ndani kabisa kuna vifereji vyenye majimaji. Ukisogea, nayo yanasogea, na ubongo unajua unaelekea wapi. Siku zile tatu ubongo wako ulizoea mawimbi. Sasa umeshindwa kuyaacha."

"Utayaacha lini?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

Alinipa mazoezi: nisimame wima, nikazie macho alama ukutani, nigeuze kichwa polepole. Nilifanya kila asubuhi, Mama akinitazama kutoka mlangoni.

Miezi mitano baadaye, kanisani, tulisimama kuimba. Katikati ya wimbo niligundua kwamba sakafu imetulia. Nilingoja iyumbe. Haikuyumba. Nilikaa nikalia, mara ya kwanza tangu tumpate, na Mama akaniwekea mkono begani akaendelea kuimba.